Nyekundu Ndiyo Hufa Kwanza

Saa mbili usiku herufi za maharusi zilikuwa nyeupe pee ukutani. Wakati wa kukata keki zilishageuka rangi ya barafu, ule ubuluu wenye ukijani wa maji ya bwawa la kuogelea. Kufika saa nne mwenye ukumbi akanipigia simu, muziki umejaa nyuma yake.

"Fundi, hii leza inaumwa."

"Mzee, hebu iwekeni nyekundu tupu. Inatoka?"

Kimya kidogo, kisha akarudi. "Inatoka, lakini kama kaa linalotaka kuzimika."

Nikamwambia aizime tu, aniletee Jumatatu. Sikuhitaji kupanda bodaboda usiku ule kwenda kuambiwa ninachokijua. Leza ya ukumbini haina weupe wake yenyewe, inaukopa kwa kuchanganya mwanga wa diodi tatu, vile vidude vidogo vinavyotoa mwale wa leza: nyekundu, kijani na buluu. Weupe ukihamia upande wa barafu, nyekundu imejitoa kwenye mchango. Nimefungua maboksi mengi ya namna hii kwenye meza yangu Kariakoo, na weupe ulipohama ulihamia upande uleule. Sijaletewa bado boksi lililogeuka pinki kwa sababu kijani imetangulia kufa.

Jumatatu nikalifungua. Ndani kulikuwa na diodi nyekundu moja ya nanomita 638 (namba hiyo ndiyo inayotaja rangi ya mwanga), ya nusu wati, na nilipoijaribu ikiwa imepoa ilikuwa nzima kabisa. Kilichonistua ni mkondo. Karatasi ya maelezo ya diodi ile inataka miliampea 700 hivi ili itoe nusu wati yake. Mita ilisoma 820. Na ile trima ndogo ya kurekebishia mkondo kwenye draiva ilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi. Kuna mwenzangu alikuwa ameshapita hapo. Aliona nyekundu inafifia, akafanya ambacho kila mtu angefanya: akaongeza.

Ndiyo maana nataka kuzungumzia draiva, yaani ile saketi inayoilisha diodi. Watu wanaponiuliza draiva gani inafaa kwa diodi nyekundu yenye nguvu, swali lao huwa ni la ampea: itoe ngapi? Mimi siku hizi nauliza kwanza draiva ikifa inakufaje, na nani atapigwa siku hiyo. Nimefika hapo kwa kuua diodi, na diodi zenyewe nimezilipia mwenyewe.

Kwanza kwa nini nyekundu ni dhaifu namna hii. Diodi hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, galiamu, indiamu na fosforasi. Ndani yake elektroni zinatakiwa zibaki kwenye tabaka jembamba la katikati hadi zitoe mwanga, na kuna kizuizi cha kuzizuia zisitoroke. Kwenye diodi nyekundu kizuizi hicho ni kifupi, na kadiri rangi inavyosogea kutoka 660 kwenda 638 ndivyo kinavyozidi kuwa kifupi. Joto likipanda elektroni zinakiruka kama mbuzi wanaoruka ua, na kila inayoruka inageuka joto badala ya mwanga. Basi kwa nini tusitumie 660, ambayo ni imara zaidi? Kwa sababu ya jicho. Nusu wati ya 638 inaonekana ang'avu karibu mara tatu kuliko nusu wati ya 660. Tunanunua ung'avu kwa kulipa ustahimilivu. Buluu haina shida hii kwa kiasi kile, maana ni ya mchanganyiko mwingine kabisa.

Inanichekesha nikikumbuka kwamba leza ya kwanza ya diodi iliyotoa mwanga unaoonekana kwa macho, ile ya Nick Holonyak wa General Electric mwaka 1962, ilikuwa nyekundu, na ilifanya kazi ikiwa imezamishwa kwenye baridi ya naitrojeni ya kimiminika, digrii 196 chini ya sifuri. Nyekundu ilizaliwa kwenye baridi hiyo, na sisi tunaifungia kwenye boksi jeusi juu ya dari ya ukumbi wa Dar es Salaam mwezi wa pili.

Nilitaka kuona kwa macho yangu joto linakula kiasi gani. Kipimo cha nguvu ya leza sina, bei yake si ya kibanda changu. Nikang'oa kipande cha sola kwenye taa ya bustani iliyokufa, nikakiwekea rezista ndogo, nikakielekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na mwale, si kwenye mwale wenyewe. Miwani ya leza machoni, mlango nimefunga, kijana wangu nimemtuma nje. Mkondo niliuweka 690 na sikuugusa tena. Asubuhi, bati la kupozea likiwa digrii 28, mita ilisoma milivolti 62. Nikazima feni nikasubiri. Kwenye digrii 48 ilisoma 46.

Robo ya mwanga imeondoka na hakuna kilichoharibika. Nikawasha feni, dakika chache baadaye 60, 61, ikarudi karibu na pale pale. Sasa fikiria unapoiona ile 46 na bisibisi iko mkononi. Unaongeza mkondo, mwanga unapanda kidogo, joto linapanda zaidi, mwanga unashuka, unaongeza tena. Mwenzangu aliyepita kwenye lile boksi alikuwa ndani ya mzunguko huo bila kujua. Na kuna draiva zinazofanya hivyo zenyewe, zile zinazosoma mwanga kupitia jicho dogo lililo ndani ya diodi na kurekebisha mkondo ili mwanga usibadilike. Kwa diodi ndogo ya miliwati 5 ya kusomea sidii ni jambo jema. Kwa nusu wati kwenye joto letu ni kumpa mlevi ufunguo wa baa. Draiva ya nyekundu kubwa ishike mkondo, mwanga uachwe ushuke ukitaka.

Na kushika mkondo si mchezo, maana diodi haisamehe kwenye volti. Hii yangu ikiwa na 700 ina volti 2.4 hivi kwenye pini zake. Ongeza volti 0.1 tu, na mkondo unaweza kupanda kwa miliampea 200. Kwa hiyo mtu anayeniambia ameipa "volti 3 tu, ndogo" ameshaiua, labda hajaiangalia vizuri.

Inavyokufa nayo inafaa kusimuliwa. Mwanga unatokea kwenye uso wa kioo wenye upana wa makumi machache ya mikromita na urefu wa kama mikromita moja. Nusu wati kupita kwenye kitundu hicho ni mkali zaidi ya mara milioni kumi ya jua la adhuhuri kwa eneo lile lile. Mkondo ukizidi kwa kitambo kifupi kuliko hata mita yako inavyoweza kuona, uso huo unayeyuka. Baada ya hapo diodi bado inawaka! Inakula mkondo kama kawaida, inatoa wekundu hafifu uliotawanyika, mwale hakuna. Imegeuka taa. Ukiiona namna hiyo usitafute kosa kwenye lenzi.

Ya kwanza niliigeuza taa nikiwa bado najifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa bingwa wa televisheni za mgongo. Nilikuwa nimeng'oa diodi kwenye DVD raita iliyotupwa, nikatengeneza draiva kwa LM317, ile regulata ya miguu mitatu iliyobuniwa na Robert Dobkin akiwa National Semiconductor na inayouzwa hadi leo kila duka la spea. Nikaiwasha, nikapima, kila kitu safi. Nikachukua waya mbili nikazigusisha kwenye pini za diodi. Kukatoka mwanga mmoja mkali, halafu wekundu wa aibu.

"Shikamoo mzee. Imekufa."

"Marahaba. Uliiwasha kwanza, ndiyo ukaunga?"

"Ndiyo mzee."

"Na hiyo kapasita mlangoni ina volti ngapi sasa hivi?"

Nikapima. Kumi na nusu. Draiva ya mkondo ikikosa mlaji haikai na volti zake mbili na nukta nne ikisubiri kwa adabu. Inapanda hadi inapoishia, inajaza kapasita, yaani kile kitunza umeme kwenye mlango wake wa kutokea, na diodi unayoigusisha inabebeshwa mzigo wote kwa mpigo. Mzee hakunigombeza. Alichukua diodi tatu za kawaida, 1N5404, akazipanga mfuatano pamoja na rezista ya omu 1, akanipa. "Hii ndiyo leza yako mpaka nitakapokwambia." Diodi tatu zile zikila 700 zinashika volti 2.4 hivi kwa jumla, kama diodi nyekundu yenyewe, na kwenye ile omu 1 kila milivolti unayosoma ni miliampea moja. Bado ninayo. Imeungua gamba upande mmoja na inafanya kazi. Kila draiva inayopita mezani kwangu inailisha hiyo kwanza, halafu nazima, nagusanisha waya za mlangoni ili kapasita iishe, ndipo naunga diodi ya kweli, ndipo nawasha. Kwa mpangilio huo, hata nikiwa na njaa.

LM317 bado naiheshimu. Inashika volti 1.25 kati ya mguu wa kutokea na mguu wa kurekebishia, kwa hiyo ukiweka rezista hapo, mkondo ni 1.25 gawanya kwa omu zake. Rezista ya 1.8 inakupa 694. Hesabu imeisha. Na ninachokipenda zaidi ni inavyokufa: rezista hiyo ikikatika, au lehemu ikiachia, mkondo unashuka karibu na sifuri. Diodi inalala tu. Ukiwa na tabia ya kuweka volyumu ya kuzungusha badala ya rezista, weka na rezista ya kudumu mfuatano nayo, maana volyumu ikifika mwisho wake omu zinaisha na LM317 inaachia ampea moja na nusu au zaidi.

Tatizo lake ni joto. Lile boksi la ukumbini lina chakula cha volti 12. Toa 1.25, toa 2.4 ya diodi, zinabaki 8.35 ambazo LM317 lazima izimeze. Mara 0.694, ni karibu wati 5.8. Jumla boksi linakula wati 8.3 ili ukutani itoke nusu wati. Na hizo 5.8 zitaenda wapi? Zitaenda kwenye bati lile lile lililobeba diodi, kwa sababu ndani ya boksi hakuna bati lingine. Unaipika diodi kwa moto wa draiva yake. Sehemu ambayo joto ndilo adui, hiyo pekee inatosha kuitoa LM317 kwenye mbio, labda chakula kiwe volti 6 hivi. Chini ya hapo nayo inagoma, maana yenyewe inataka volti kama mbili za kupumulia.

Kwa tochi ya betri moja kuna AMC7135, kidude kidogo sana, kilichotengenezewa tochi za LED. Kimoja kinapitisha miliampea 350, viwili sambamba 700, na kinahitaji kama volti 0.12 tu za kupumulia. Betri ya lithiamu ikiwa imejaa, 4.2, vinameza wati 1.26 kwa pamoja, na zinapungua betri inavyoshuka. Rahisi, kinapatikana kwenye tochi mbovu, hakina cha kurekebisha. Nilikiona kama zawadi.

Nikatengeneza tochi. Bomba la alumini, diodi imebanwa kwenye kishikio cha shaba, kishikio kimebanwa ndani ya bomba na ile krimu nyeupe ya kupitisha joto, kazi nzuri hata kupiga picha. Draiva niliijaribu kwenye mzigo wa mzee, zile diodi zake tatu na omu 1: 698. Nikazima, nikamaliza kapasita, nikaunga, nikafunga kifuniko cha betri, nikabonyeza. Ikageuka taa palepale.

Nilikaa na tochi ile siku mbili. Nikarudisha draiva kwenye mzigo wa majaribio: 698. Nikaunga diodi ya pili nje ya bomba, juu ya meza: inawaka vizuri. Nikaiingiza ndani ya bomba, nikabonyeza: ya pili nayo kwaheri.

Ilikuwa hivi. AMC7135 hukaa upande wa hasi, kati ya mguu hasi wa diodi na hasi ya betri. Bomba la tochi ndilo hasi ya betri, kama tochi nyingi. Na kopo la diodi yangu, lile gamba la chuma la milimita 5.6, lilikuwa limeunganishwa ndani kwa ndani na mguu wake hasi. Kulibana kopo kwenye shaba, na shaba kwenye bomba, ni sawa na kuchukua waya nene na kuiruka draiva. Mkondo haukupita kwenye AMC7135 hata kidogo. Diodi ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye betri, volti 4.2 kifuani. Draiva ilikuwa nzima, imekaa pembeni inaangalia.

Tangu hapo jambo la kwanza ninaloliangalia kwenye karatasi ya diodi si mkondo wala nguvu, ni ule mchoro mdogo wa pini: kopo limeungwa na mguu gani? Baadhi ya diodi ni chanya, baadhi ni hasi, nyingine kopo liko peke yake. Msikimbilie kutafuta kwa mita kwenye ile alama ya diodi, maana nyingi za hizi haziruhusu zaidi ya volti 2 za kinyume, na kuna mita zinazotoa zaidi ya hapo. Soma mchoro.

Halafu kuna zile bodi za bluu za kushusha volti zenye trima mbili, moja ya volti na moja ya mkondo. Ni bei chee na hazipashi joto. Kwa LED ya chumbani sina neno. Nilipoazima oskiloskopu, ile mashine inayochora umeme unavyobadilika kila kitambo, ya rafiki anayefundisha chuoni, nikaiweka moja kwenye mzigo wa mzee, mkondo umepangwa 700, nikawasha. Mstari ulipanda ukapita ampea moja, ukakaa juu kitambo, ndipo ukashuka 700 na kutulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mita ya kawaida ilikuwa imeniambia 700 tangu mwanzo. Kitambo kile ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini je, diodi inahitaji muda mrefu kuliko huo ili ife? Hapana, inahitaji mfupi zaidi sana. Na transista yake kuu ikipiga shoti, volti 12 zote zinapita. Kuna bodi za kushusha zilizotengenezwa maalumu kwa leza, zinazoanza polepole, na hizo ni nzuri kwa tochi za betri mbili. Ila onyesheni kwanza kwenye oskiloskopu ndipo mniambie ni za leza.

Kwa boksi la ukumbini, hata hivyo, hakuna kati ya hizi iliyofaa, kwa sababu ya jambo lingine: mwale unaandika. Vioo viwili vidogo vinauzungusha kwa kasi ya nukta 30,000 kwa sekunde, na kati ya herufi na herufi lazima diodi izimwe na kuwashwa upya. Kila nukta ina mikrosekunde 33. LM317 na kapasita yake bado inajifuta usingizi.

Nikatengeneza yangu. Mosfeti moja, IRLZ44N, transista inayofungua na kufunga mkondo kama koki ya maji, imekaa kati ya diodi na rezista ya omu 1 iliyokwenda hasi. Opampu inalinganisha volti ya kwenye rezista na amri inayotoka kwenye bodi ya picha, na kuifungua mosfeti kwa kiasi hicho. Amri ni volti 0 hadi 5, nikaishusha kwa rezista mbili za kudumu, 6.2k na 1k, kwa hiyo amri kubwa kuliko zote ni 0.694. Hakuna trima. Atakayekuja na bisibisi baada yangu hatakuta pa kuiingiza.

Michoro mingi ya namna hii inaweka rezista ya omu 0.1 ili kuokoa joto. Niliijaribu na opampu ya LM358, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye droo. LM358 inaweza kukosea hadi milivolti 7 kwenye kulinganisha kwake, na milivolti 7 juu ya omu 0.1 ni miliampea 70. Kosa la asilimia kumi linalobadilika ukibadilisha kidude. Kwenye omu 1 kosa hilo ni miliampea 7, nalala usingizi. Ila LM358 ilikuwa nzito, herufi zikawa na mikia, "A" inaburuza kamba hadi "J". Nikaiondoa nikaweka TLC2272, inayokimbia karibu mara kumi, mikia ikakatika.

Omu 1 ile ina kazi ya pili. Mosfeti zikifa mara nyingi hufa zikiwa zimefunguka, shoti tupu. Ningeilisha diodi kwa volti 5 na rezista ya 0.1 kama wanavyochora, siku hiyo mkondo ungeruka ampea kadhaa. Badala yake nilichukua ile bodi ya bluu niliyoisema vibaya, nikaifanya mpishi tu wa nyuma: inashusha 12 hadi 3.5, na diodi haiioni moja kwa moja. Kati ya 3.5, diodi inachukua 2.4, rezista 0.7, mosfeti inabaki na 0.4 tu. Nikaipigisha mosfeti shoti makusudi, kwa kipande cha waya, kwenye zile diodi tatu za mzee bila omu 1 yao. Mkondo ukafika 940 ukasimama. Kwa diodi ya 700 si afya, lakini si kifo cha papo kwa hapo, na kuna muda wa mtu kuona herufi zimegeuka pinki na kuvuta plagi. Joto la mosfeti halifiki theluthi moja ya wati.

Mosfeti iko upande wa hasi, bila shaka mmeshaona. Balaa la tochi lilikuwa linanisubiri pale pale: kopo hasi, bati hasi. Nikaweka karatasi ya maika, isiyopitisha umeme, kati ya kishikio cha diodi na bati, skrubu zikavaa washa za plastiki, na nikapima ukinzani kabla ya kuunga chochote. Nilipoteza digrii mbili tatu za upoaji. Nililipa kwa moyo mweupe.

Kilichobaki ni kupoza. Boksi lilikuwa na kipande cha peltia chini ya diodi, kile kibao ambacho upande mmoja unapoa ukikipa umeme, na kipimajoto chake kilikuwa kimepangwa digrii 18. Aliyekipanga hakuwahi kukaa Dar. Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya digrii 25. Nilipofungua niliona alama nyeupe kwenye lenzi, kama chumvi iliyokauka, na kutu kwenye skrubu moja. Boksi lilikuwa linajinyunyizia maji lenyewe kila harusi. Nikalipandisha hadi 27. Diodi inapoteza mwanga kidogo ukilinganisha na 18, lakini inakaa kavu, na peltia yenyewe haifanyi kazi ya punda.

Nikaliweka usiku kucha kibandani, herufi zikizunguka kwenye ubao, sola ya bustani ikisoma. Saa moja jioni 59. Alfajiri, adhana ya kwanza, 58.

Jumamosi nililipeleka ukumbini mwenyewe, nikalifunga juu, nje ya usawa wa macho ya watu, mwale ukielekea ukutani tu. Nusu wati ni mpaka wa daraja la nne la hatari za leza, huko hata mwanga ulioruka kwenye glasi ya meza kuu unaweza kuacha doa la kudumu ndani ya jicho, na wekundu unadanganya kwa sababu hauonekani mkali kama kijani. Nikakaa hadi keki. Saa tano kasoro herufi bado nyeupe. Mwenye ukumbi akanijia, nikadhani anakuja na shukrani.

"Fundi, hiyo feni ya juu inapiga kelele, wazee wanashindwa kusikia nasaha. Huwezi kuizima kidogo?"

"Hapana, mzee."

"Dakika kumi tu."

Nikamwonyesha swichi ya feni. Nilikuwa nimeimwagia gundi.